Msuka Mota wa Kibokoni

Kibokoni, mtaa wa kale wa Mombasa, ukiuliza kwa Athmani, watu watataka kujua ni Athmani yupi. Ukiongeza "wa mota", basi umefika. Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha chini, na harufu ya vanishi iliyochomwa ulianza kuinusa kabla hujakata kona. Humo ndani alikaa juu ya kigoda miaka ishirini na minne, akitoa nyaya zilizoungua matumboni mwa mota na kusuka mpya. Alijifunza kwa mzee Jamaldin, aliyekuwa na karakana Mwembe Tayari, mtu mkali asiyekuwa na maneno mengi. Ukisuka vibaya, alikata koili yote kwa mkasi mbele yako, akakupa waya uanze tena.

Athmani alitoka huko na mkono uliosifika kisiwa kizima. Pampu za misikiti zilikuja kwake, mashine za kukunia nazi za Marikiti zilikuja kwake, hata mafundi wenzake walimletea kwa siri kazi zilizowashinda. Kila mota aliiandika katika daftari: mizunguko mingapi, waya wa unene gani, miisho imefungwa vipi. Alikuwa akisema mota iliyotoka mkononi mwake hairudi, na kwa kweli zilizorudi zilikuwa chache.

Wanafunzi alipata wengi, na wengi walikimbia. Aliyedumu miaka sita ni Kahindi, Mgiriama wa kutoka Kaloleni, mpole, mwenye vidole virefu. Mwaka wa 1990 Kahindi alipata kazi Kilindini, kwenye kreni za bandari, akahamia Tononoka na mkewe Naomi. Siku ya kuaga, Athmani alimwombea kheri mbele za watu. Ulimi ulisema kheri; moyo ulinyamaza.

Wivu haukumjia kwa siku moja. Ulimwingia kama unyevu unavyopanda ukutani. Leo mtu anasema, "Kahindi amepelekwa kusomea kreni mpya." Kesho mwengine anasema, "Kahindi kaitengeneza mashine iliyomshinda Mzungu." Athmani alikuwa akijibu, "Nimemfundisha mimi," na watu wakiitikia, "Naam, kweli," kisha wakiendelea kumzungumza Kahindi. Mkewe, Mwanarusi, alimwambia siku moja, "Si mwanafunzi wako? Sifa zake zakurudia wewe." Athmani alijua sifa za mwanafunzi humrudia mwalimu pale tu watu wanapokumbuka kumtaja mwalimu.

Mwaka wa 1996, masika yalipokwisha, ndipo yakaja mambo ya Zein.

Zein alikuwa jirani yake, nyumba ya tatu, Mwarabu wa wale waliokuja zamani hata wenyewe hawajui lini. Kazi yake ilikuwa kukereza mbao: miguu ya vitanda, nguzo za roshani, vijiti vya madirisha. Karakana yake ilikuwa chini ya nyumba anayolala. Miaka yote alikereza kwa mashine kuukuu ya mkanda, ambayo kila ukitaka kubadili mwendo sharti uizime, uinue mkanda, uuhamishie gurudumu jingine. Mwaka huo alipata kazi kubwa ya Bi Najla, mwenye nyumba ya kale Ndia Kuu, aliyetaka roshani yake irudishwe kama ilivyokuwa enzi za babu zake. Kazi hiyo ilihitaji nguzo nene na vijiti vyembamba, mwendo wa pole na mwendo wa mbio. Basi Zein akanunua mashine kubwa ya kukereza kutoka kwa karakana moja ya meli iliyokuwa ikifungwa.

Mkokoteni ulipoishusha, Athmani aliitambua mota kabla haijagusa chini. Alikuwa ameisuka mwenyewe miaka miwili nyuma.

"Hii yangu," alisema, akiipapasa kama mtu apapasaye mwana wa nduguye.

"Basi nishauri, ndugu yangu," Zein alisema. "Mota yataka umeme wa viwandani, wa fezi tatu. Nyumba yangu ina fezi moja."

"Niachie mimi. Nitaisuka upya iwe ya fezi moja."

Zein alikuna ndevu. "Kahindi alipita juzi kunisalimia. Asema ukiisuka fezi moja nguvu zitapungua. Asema huko bandarini kuna visanduku, vyaitwa inverta. Chaingia fezi moja, chatoa tatu. Na kina kitufe cha kuzungusha: wataka mashine iende pole, yaenda pole, wataka ikimbie, yakimbia. Hakuna tena kuhamisha mkanda."

Athmani alicheka, kicheko kilichokwama njiani. "Kahindi nimemfundisha kushika bisibisi."

"Najua, bwana. Ndiyo maana namwamini."

Zein alisema vile kwa nia njema, lakini Athmani alirudi dukani mwake na neno lile limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hasidi hana sababu, ndivyo watu wasemavyo. Yeye aliona anayo sababu, tena kubwa: mota ni yake, jirani ni wake, mtaa ni wake, na anayeulizwa ni mtu wa Tononoka aliyekuwa akimfagilia duka.

Akaamua kumtangulia. Huko Shimanzi alimjua Barnabas, muuza vyuma vilivyotolewa melini. Barnabas alimtolea inverta moja ya kijani, nzito, ya kutoka katika chumba cha injini cha meli. Athmani aliipangusa kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa, akaifunga ndani ya kikoi, na Jumamosi asubuhi akaibeba begani hadi kwa Zein.

Alimkuta Kahindi amekwisha kufika. Juu ya meza kulikuwa na visanduku viwili vipya, vimeazimwa kutoka duka moja la Shimanzi kwa ajili ya kutazamwa tu. Athmani aliuliza wameazimwaje vitu vya thamani hivyo.

"Mwenye duka amempa Kahindi kwa jina lake," Zein alisema.

Kwa jina lake! Athmani alitua mzigo wake mezani kwa kishindo, akafungua kikoi. "Na hiki hapa. Kimefanya kazi melini, si cha kuchezea."

"Subalkheri, fundi wangu," Kahindi alisema, akasimama kumpa mkono. Kisha akakigeuza kile kisanduku cha kijani taratibu, akasoma kibao chake. "Kizuri, fundi. Kazi ya zamani, chuma kitupu. Ila hiki chataka fezi tatu kuingia. Melini wanazo. Mzee Zein ana moja."

Athmani hakujua. Alihisi masikio yakimwaka moto. Zein, kwa adabu, alijifanya anatafuta penseli.

Kahindi alikisogeza pembeni kwa heshima, mikono miwili, na heshima ile ilimuuma Athmani kuliko tusi. Kisha akaanza kumweleza Zein vile viwili vilivyobaki. Kimoja kilikuwa kidogo, cheupe, chenye sura ya redio ya kisasa. Kingine kilikuwa cha kijivu, kipana, kisicho na uzuri wowote.

"Watu hununua kwa nguvu za farasi," Kahindi alisema. "Mota farasi tatu, kisanduku farasi tatu, basi wametosheka. Mimi hutazama ampea, wingi wa umeme unaopita wenyewe. Mota hii yala ampea kumi na moja ikifungwa kwa umeme wa nyumbani. Hiki cheupe chatoa kumi na nusu. Siku ukikereza gogo la mvule, kitakuwa kinatweta. Hiki cha kijivu chatoa kumi na sita."

"Lakini cheupe ni kizuri," Zein alisema.

"Kizuri, na tazama matundu yake. Kina feni inayovuta hewa ndani. Hewa yako wewe ina vumbi la mbao, na chumvi ya pwani juu yake. Mwaka hauishi kabla hakijaungua. Cha kijivu kimezibwa. Chapoa kwa huu mgongo wa chuma. Tena kikiharibika, vipuri viko hapa hapa Mombasa, na kitabu chake cha maelezo n'nacho."

Athmani alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono magotini, akisikiliza. Hakusikia neno hata moja la kulipinga. Ndivyo Jamaldin alivyomfundisha kuchagua waya: usitazame jina, tazama joto, ukiwa na shaka, nenda unene wa juu. Ndivyo yeye mwenyewe alivyomfundisha Kahindi, miaka sita, kwenye kigoda kile kile. Maneno yalikuwa yake yote, yakitoka kinywani mwa mwengine, na Zein akiyapokea kama mvua mpya.

"Basi ni hiki cha kijivu," Zein alisema.

Ndipo Kahindi akaichungulia mota. Nyaya tatu tu zilikuwa zikitoka. Kwa kawaida hutoka sita, ili fundi achague namna ya kuziunga: kwa sta, mota itumie umeme mkubwa wa viwandani, au kwa delta, itosheke na ule mdogo utakaotoka katika kisanduku. Zikitoka tatu, maana yake uchaguzi umekwisha kufanywa mle ndani, ukafunikwa.

"Fundi," Kahindi aliuliza, "hii umeisuka wewe. Ndani umefunga sta au delta?"

Athmani alilikumbuka fundo lile kama aliyelifunga jana. Karakana ya meli ilikuwa na haraka na umeme wao ulikuwa mkubwa, kwa hiyo aliunga sta, akazika fundo chini ya koili, akalizungushia utepe, akamwagia vanishi. Jibu lilikuwa neno moja. Akalitazama lile neno, akaona likitoka tu, kazi itakwisha, na sifa yote itakwenda kwa Kahindi.

"Kwani mota haina kibao?" alisema. "Wewe si umesoma? Soma."

Kibao kilikuwa cha kiwandani, cha kabla haijasukwa, nacho kilisema umeme wa nyumbani inaukubali. Kahindi alimtazama mwalimu wake. Hakutaka kumbana mbele za watu. "Haya, fundi," alisema.

Wiki ile ile kisanduku cha kijivu kilifungwa ukutani. Mota ilizunguka, tena kimya. Zein alizungusha kitufe, mashine ikaenda pole, ikaenda mbio. Akacheka, akamwita mkewe Hind ashuke aone. Kisha akaweka gogo la mvule, akatia patasi. Mashine ikanguruma, ikalegea, ikasimama. Kila alipogusa mti, ilisimama kama punda aliyekataa mzigo, na kisanduku kikaandika kosa na kuzima.

Habari ilienea barazani. "Kisanduku cha Kahindi" likawa jina la kitu chochote chenye sura na kisicho na nguvu. Bwana harusi mmoja mnyonge aliitwa hivyo, maskini. Athmani aliyasikia yote akiwa mlangoni kwake, na siku mbili za kwanza yalikuwa matamu kama halwa. "Mimi nilisema niisuke fezi moja," alimwambia kila aliyepita. "Hamkunisikiza."

Siku ya tatu utamu ulianza kupungua. Alimwona Zein amerudi kwenye mashine kuukuu, akiinua mkanda na kuuhamisha, mkono mmoja kiunoni. Bi Najla alituma mtu mara mbili kuuliza nguzo zake. Na Kahindi alikuwa akija kila siku ya mapumziko yake, anapima, anaandika, anakuna kichwa. Alikibadilisha hata kisanduku chenyewe kwa kingine cha aina ile ile. Mambo yakawa yale yale. Hakumlaumu mtu.

Wiki ya tatu alikuja dukani kwa Athmani. Alisimama mlangoni mpaka alipokaribishwa, kama zamani.

"Fundi, nimefikiri sana. Kosa si la kisanduku. Mota ile nadhani imefungwa sta ndani, ndiyo maana umeme wa kisanduku hauitoshi. Naomba unitazamie katika daftari."

Daftari lilikuwa juu ya rafu, nyuma ya kichwa cha Athmani. Kahindi aliliona, naye alipokuwa mwanafunzi aliliandika miaka sita kwa mwandiko wake.

"Sikumbuki," Athmani alisema. "Na mota ile sikuiandika. Walikuwa na haraka."

Wote wawili walijua hakuna mota iliyotoka katika duka lile bila kuandikwa.

"Haya, fundi," Kahindi alisema mara ya pili, akaenda zake.

Athmani alishika waya, akauacha. Siku hiyo alikosea hesabu ya mizunguko mara tatu katika feni ndogo ambayo angeisuka amefumba macho. Mwanarusi alipomletea chakula alimkuta ameegemea ukuta.

"Nini kinakula roho yako wewe?" alimuuliza.

"Kahindi."

"Amekufanyani?"

Athmani alitafuta. Alitafuta kweli kweli, na hakupata kitu cha kumwambia mkewe ila hiki: "Ananiita fundi wangu."

Mwanarusi aliweka sahani chini. "Basi hiyo ni dhambi kubwa," alisema, akatoka.

Yamkini Athmani angekaa na siri ile mpaka kaburini. Kilichomwinua si wema, wala maneno ya mkewe. Ijumaa, baada ya sala, Zein alimwambia njiani, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Kahindi yuko kwangu, aifungua mota. Asema atakata utepe mpaka aone mwisho wa nyaya."

Athmani alisimama katikati ya njia. Aifungua! Atie kisu ndani ya kazi yake! Mkono wa mtu mwengine ndani ya koili alizozipanga yeye moja moja, vanishi kuukuu, ikivutwa vibaya shaba itachubuka yote! Wivu uliomfunga mdomo wiki tatu ndio sasa uliomtia mbio. Alikwenda na kanzu yake ya msikitini, Zein akimfuata nyuma na asielewe kitu.

Kahindi alikuwa amepiga magoti, mota imefunuliwa mbele yake, kisu mkononi.

"Ondoa mkono wako!" Athmani alipaza sauti. "Usinitie kisu humo!"

Alipiga magoti na kanzu yake nyeupe, akamnyang'anya kisu, akainama. Hakupima wala hakutafuta. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja upande wa chini, koili ya nne kutoka mlango wa nyaya, kikabonyeza. "Tia moto hapa. Pole pole. Vanishi ilainike kwanza."

Alipoinua macho aliona wenzake wawili wakimtazama yeye, si mota. Ndipo akafahamu kidole chake kilikuwa kimesema nini.

"Ulijua," Zein alisema.

Athmani hakuwa na pa kwenda. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipolifunga."

"Wiki tatu, Athmani. Mtu huyu wiki tatu watu wanamcheka. Mimi mgongo umekatika. Kwa nini?"

Athmani alikitazama kisu. "Roho iliniuma," alisema. "Ulimuuliza yeye."

Uso wa Zein ulikuwa umegeuka mwekundu. Aliyesema ni Kahindi, na hakusema maneno ya msamaha wala ya lawama. Alisema, "Fundi, vanishi imelainika. Nishike wapi?"

Walifanya kazi mpaka alasiri. Athmani alilifungua fundo, akatenga miisho mitatu, Kahindi akalehemu waya mpya kwa kila mmoja, Athmani akavisha kila kiungo soksi yake ya kuzuia umeme na kufunga kwa uzi. Mara mbili alimkosoa, mara moja Kahindi alimkosoa yeye, na ilikuwa haki. Zikatoka nyaya sita. Wakaziunga delta, wakapaka vanishi, wakaiacha ikauke siku mbili kwa joto la taa.

Jumapili Zein aliweka gogo lile lile la mvule. Akatia patasi. Mashine haikushtuka hata kidogo. Maganda marefu yakaruka mpaka mlangoni. Zein alizungusha kitufe huku akikereza, na nguzo ikamtokea mikononi laini kama yai. "Tazama kisanduku hiki!" alipiga kelele. "Mashallah, Kahindi, umechagua!" Na Athmani, aliyekuwa amesimama pale na vidole vimeungua kwa risasi ya kulehemu, alihisi ule mwiba kooni ukigeuka tena.

Roshani ya Bi Najla ilikwisha kabla ya Ramadhani. Zein hakumvunjia Athmani salamu, lakini kwa miezi mingi hakumwita tena barazani kwake, na feni zake mbili alizipeleka kwa fundi wa Makadara. Athmani alimwona akizipeleka. Hilo alilistahili, na alijua.

Kahindi alirudi dukani mwaka uliofuata. Inverta zilikuwa zimeanza kuenea, na mota kuukuu zilizofungwa kwazo zilikuwa zikiungua, kwa sababu umeme wa inverta ni mkali kwa nyaya zenye vanishi nyepesi. Alitaka mtu wa kuzisuka sawasawa. Athmani alimwambia aje na kitabu cha maelezo. Wakakaa Jumamosi nyingi, Kahindi akisoma Kiingereza na kufasiri, Athmani akibisha. Alibisha sana. Aliposhindwa, alisema mwandishi wa kitabu hajawahi kuishi pwani.

Wivu haukumtoka, labda ulikuwa umekaa mno. Lakini alijifunza kuutambua ukija, kama mtu mwenye baridi yabisi anavyoitambua mvua.

Mwaka wa 1999 alikuja mfanyabiashara wa Marikiti, mwenye mashine nne za kukunia nazi nyumbani kwake. Alitaka kujua anunue inverta ipi itakayodumu. Athmani alikuwa anajua jibu lote: ampea, fezi ya kuingia, mwili uliozibwa, vipuri vya karibu. Alifungua mdomo alitoe. Kisha akaanza kuusokota waya wa shaba kidoleni, mpaka yule mtu akadhani hakusikia.

"Nenda Tononoka," alisema mwishowe. "Muulize Kahindi. Huyo ndiye ajuaye."

Mtu yule akashukuru, akageuka kwenda. Alikuwa hajafika konani Athmani alipotoa kichwa nje ya mlango.

"Lakini mota," alimpigia kelele, "mota niletee mimi!"